Je, Dawa ya Jino Bovu ni Kung'oa? Hatua za Kuoza kwa Meno na Uamuzi wa Tiba

Ikisiri

Makala hii inafafanua tiba kuu zinazotumika kuhifadhi au kuondoa meno yaliyoharibiwa na ugonjwa wa kuoza. Ufafanuzi unaongozwa na msemo uliozoeleka miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Makala inaonesha kuwa msemo huo una ukweli pale tu jino linapokuwa limefikia hatua ambayo haliwezi tena kuokolewa, na kwamba katika hatua zilizotangulia zipo tiba zinazoliacha jino mahali pake. Tiba ya kuziba kwa vifaa vya mkono, iliyoasisiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, inajadiliwa kama ithibati kwamba kuhifadhi jino hakutegemei umeme na mashine pekee. Hoja ya msingi ni kwamba kinachopaswa kuamua tiba ni hatua ya ugonjwa, wala si ukali wa maumivu.

1.0 Utangulizi

Msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa hutumika zaidi nje ya uwanja wa tiba. Chama kinapotaka kumfukuza mwanachama mkaidi, au ukoo unapoamua kumtenga mtu anayeuaibisha, jino bovu huwa sitiari iliyo tayari. Sitiari hiyo ina nguvu kwa sababu imejengwa juu ya tajiriba halisi. Watu wengi katika Afrika Mashariki humwendea daktari au tabibu wa meno pale tu maumivu yanapowazidi, na wengi wao hutoka huko wakiwa na pengo. Mtoto anayekua akiona hivyo hujifunza kwamba kiti cha daktari wa meno ni mahali pa kung'olea, naye huchelewa kukifikia kama walivyochelewa wazazi wake.

Ukubwa wa tatizo hauna shaka. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu hali ya afya ya kinywa duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Kati yao, takribani bilioni 2 wana meno ya kudumu yaliyooza, na watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Kwa hiyo, swali la lini jino lizibwe, lini litibiwe mzizi na lini ling'olewe linagusa maisha ya watu wengi kuliko inavyodhaniwa.

Ili kulijibu swali hilo, makala inaeleza kwanza namna jino linavyooza, kisha inapitia tiba moja baada ya nyingine kwa kufuata hatua za ugonjwa. Mwishoni inajadili uamuzi wenyewe, pamoja na namna maneno ya kawaida ya Kiswahili yanavyoweza kumsaidia au kumpotosha mgonjwa.

2.0 Jino na Namna Linavyooza

Jino lina tabaka tatu. La nje katika sehemu inayoonekana ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kuliko enameli na ina vijimirija vidogo mno vinavyoelekea ndani. Katikati kuna kiini cha jino, yaani chumba chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambacho hushuka hadi kwenye ncha za mizizi. Mizizi nayo imeshikizwa kwenye mfupa wa taya kwa nyuzinyuzi zilizo hai. Mpangilio huu ni muhimu kwa mjadala unaofuata, kwa sababu kila tabaka ugonjwa unalolivuka hubadilisha tiba inayofaa.

Kwa karne nyingi, jamii mbalimbali duniani ziliamini kwamba jino hutobolewa na mdudu, na hata leo mtu husikika akisema kwamba jino lake limeliwa na wadudu. Pierre Fauchard, tabibu wa Ufaransa aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1728, aliipinga imani hiyo. Maelezo ya kisayansi yalikamilishwa zaidi na Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Berlin. Mwaka 1890 alieleza kwamba bakteria wa kinywani huchachusha sukari na wanga na kutoa asidi, na kwamba asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Bakteria hao huishi katika ukoga unaojishika kwenye meno.

Kila mtu anapokula au kunywa kitu chenye sukari, kiwango cha asidi katika ukoga hupanda na madini huanza kutoka kwenye enameli. Baada ya muda, mate huizimua asidi na kurudisha sehemu ya madini hayo. Jino huoza pale upotevu unapozidi urejeshaji kwa kipindi kirefu. Ndiyo maana idadi ya nyakati ambazo sukari huingia kinywani kwa siku ni muhimu sawa na kiasi chake: kikombe kimoja cha chai yenye sukari kinachonywewa pamoja na mlo huleta madhara madogo kuliko kinachonywewa funda kwa funda tangu asubuhi hadi mchana.

Hatua ya kwanza ya ugonjwa huonekana kama doa jeupe lisilong'aa. Hapo tundu bado halijatokea, na madini yanaweza kurejeshwa kwa dawa ya meno yenye floraidi, usafi na kupunguza sukari. Enameli ikishabomoka haijirudishi, kwa kuwa haina chembe hai za kuijenga upya. Ugonjwa ukiingia kwenye dentini huenda kwa kasi zaidi, na jino huanza kusisimka kwa kitu baridi au kitamu. Ukifika kwenye kiini, kiini huvimba. Kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, uvimbe huo hukosa nafasi ya kutanukia na shinikizo lake huleta maumivu makali, hasa usiku. Hatimaye kiini hufa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye hadaa kubwa. Kiini kinapokufa, maumivu yanaweza kutulia kwa wiki au miezi, na mgonjwa akadhani kwamba amepona kwa dawa aliyokunywa. Kumbe bakteria wanaendelea kuzaliana ndani ya mizizi na kupenya hadi kwenye mfupa, ambako hutengeneza jipu. Maumivu, kwa hiyo, ni mjumbe asiyeaminika: katika hatua za mwanzo hayapo, na katika hatua ya hatari yanaweza kuwa yameondoka.

3.0 Tiba za Kuhifadhi Jino

3.1 Kuziba

Tundu likiwa limeishia kwenye enameli na dentini, tiba yake ni kuziba. Daktari huondoa sehemu iliyooza na kulainika, husafisha kingo za tundu, kisha hujaza kwa kitu kinachorudisha umbo la jino na kuwafungia bakteria njia. Pale ambapo uozo umekaribia sana kiini, mbinu ya sasa ni kuacha tabaka jembamba la dentini iliyolainika juu ya kiini na kuziba vizuri juu yake, badala ya kuchimba hadi kukifichua. Bakteria waliobaki wakikosa sukari hudhoofika, na kiini hupata nafasi ya kujihami.

Vitu vya kuzibia viko vya aina kuu tatu. Amalgamu ni mchanganyiko wa zebaki, ambayo ni takribani nusu ya uzito wake, pamoja na fedha, bati na shaba. Ni imara na imetumika kwa zaidi ya karne moja na nusu, lakini matumizi yake yanapunguzwa kufuatia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaohusu kudhibiti zebaki. Kompoziti ina rangi ya jino na hushikamana nalo baada ya enameli kukwaruzwa kwa asidi, mbinu iliyoasisiwa na Michael Buonocore mwaka 1955. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji jino liwe kavu kabisa wakati wa kuziba na, kwa kawaida, taa maalumu ya kuigandisha. Aina ya tatu ni saruji ya glasi ayonoma, iliyoelezwa na Alan Wilson na Brian Kent wa Uingereza mwaka 1972. Saruji hii hujishika yenyewe kwenye jino kwa nguvu za kikemikali na hutoa floraidi kidogo kidogo, ingawa hulika na kuvunjika upesi kuliko nyingine mbili inapobeba mzigo mkubwa wa kutafuna.

3.2 Kuziba kwa Vifaa vya Mkono

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya kuhifadhi meno vijijini ni kwamba kuziba kunahitaji kiti maalumu, keekee ya umeme, maji ya bomba na pampu ya hewa. Katikati ya miaka ya 1980, hoja hiyo ilipata jibu nchini Tanzania. Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, pamoja na wenzake walianzisha huko njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji inayojishika kwenye jino. Katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, ambayo mada yake ilikuwa afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi nyingine, na leo inatumika katika mabara yote.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mgonjwa hulala chali juu ya meza au benchi. Tabibu hupanua mdomo wa tundu kwa patasi ndogo, kisha hukwangua dentini iliyolainika kwa kijiko kidogo chenye makali. Tundu hukaushwa kwa pamba, saruji ya glasi ayonoma hukorogwa kwa mkono na kujazwa, kisha hukandamizwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta mazito ili iingie pia katika mifereji ya jino inayoweza kuoza baadaye. Mgonjwa huombwa asitafune kwa muda wa saa moja hivi. Kwa kuwa kinachoondolewa ni sehemu iliyolainika tu, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, jambo linalopunguza hofu kwa watoto.

Njia hii ina mipaka. Hufanya vizuri zaidi katika matundu madogo yaliyo upande mmoja wa jino. Matundu yanayohusisha pande mbili au zaidi huvunjika mapema. Vilevile haifai pale kiini kinapokuwa kimefichuka au jino limeota jipu. Pamoja na hayo, umuhimu wake ni mkubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji ya glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na bidhaa za floraidi. Maana yake ni kwamba kuziba jino kunahesabiwa miongoni mwa huduma za msingi ambazo kila mfumo wa afya unapaswa kuzitoa.

3.3 Tiba ya Mzizi wa Jino

Kiini kikishaambukizwa kiasi cha kutoweza kupona, kuziba tundu peke yake hakusaidii. Ni sawa na kufunga mlango huku mwizi akiwa ndani. Tiba inayohitajika ni kusafisha mizizi. Daktari hutia ganzi, hufungua njia hadi kwenye kiini, huondoa tishu zote zilizoharibika, husafisha mifereji ya mizizi kwa vipekecho vyembamba na dawa ya kuua bakteria, kisha huijaza kwa gutaperka, yaani utomvu mgumu wa mti. Gego lililotibiwa hivyo kwa kawaida huvishwa kofia ya jino ili lisipasuke, kwa sababu kuta zilizobaki huwa zimedhoofika.

Mantiki ya tiba hii ilithibitishwa na jaribio la Kakehashi, Stanley na Fitzgerald mwaka 1965. Watafiti hao walifichua viini vya meno ya panya waliokuzwa bila bakteria wowote, na vya panya wa kawaida. Katika panya wa kawaida viini vilikufa na majipu yakatokea. Katika wale wasio na bakteria, viini vilijijengea daraja la dentini na kupona. Kinacholiua jino, kwa hiyo, ni maambukizi na si tundu lenyewe. Yakiondolewa maambukizi, mfupa unaozunguka mizizi unaweza kupona na jino likaendelea kutafuna kwa miaka mingi. Gharama ya tiba hii, pamoja na haja ya picha za eksirei na ya kurudi kliniki zaidi ya mara moja, ndiyo inayowafanya wengi waikose.

4.0 Kung'oa Jino na Matokeo Yake

Zipo hali ambazo kung'oa ndiyo tiba sahihi: jino likiwa limevunjika chini ya mfupa, likiwa halina sehemu ya kutosha kushikilia kizibo au kofia, likiwa limelegezwa na ugonjwa wa fizi, au likiwa chanzo cha maambukizi yasiyoweza kudhibitiwa kwa njia nyingine. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni. Hali hiyo ilielezwa na daktari wa Ujerumani, Wilhelm von Ludwig, mwaka 1836. Huuinua ulimi na kuziba njia ya hewa, na mgonjwa anaweza kufa asipowahi hospitali. Dawa za kuua bakteria pekee haziondoi chanzo, kwa kuwa kiini kilichokufa hakina tena mzunguko wa damu wa kuifikisha dawa ndani ya jino. Panapokosekana huduma ya tiba ya mzizi, kung'oa jino la namna hii huokoa maisha.

Utaratibu wa kung'oa huanza kwa sindano ya ganzi. Daktari hulegeza nyuzinyuzi zinazolishika jino kwa wenzo, kisha hulitikisa taratibu kwa koleo ili kupanua tundu la mfupa kabla ya kulitoa. Mgonjwa hung'ata shashi kwa takribani nusu saa hadi bonge la damu ligande. Bonge hilo ndilo bandeji ya asili. Kusukutua kwa nguvu au kuvuta sigara katika siku ya kwanza kunaweza kuling'oa au kulizuia lisijenge, na mfupa ukibaki wazi huleta maumivu makali siku chache baadaye.

Matokeo ya muda mrefu hayaonekani siku hiyo. Mfupa uliokuwa umelishika jino huanza kupungua, meno jirani huinama kuelekea pengo, na jino la taya la pili lililokosa mwenzake hurefuka. Pengo linaweza kujazwa kwa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, kwa daraja linaloegemea meno jirani, au kwa kipandikizi cha titani kinachoingizwa mfupani. Kila njia ina gharama yake, na hakuna inayorudisha jino la asili. Wahenga walikwisha kusema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Kwa watoto, hasara ina sura ya pekee. Jino la utoto hulitunzia nafasi jino la kudumu linalokuja. Likiondolewa mapema, nafasi hiyo inaweza kufungwa. Zaidi ya hayo, gego la kwanza la kudumu huota katika umri wa miaka sita hivi nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Mzazi asiyejua hulidhania kuwa la utoto na kuliacha lioze, akiamini kwamba lingine litaota mahali pake. Halioti.

5.0 Uamuzi wa Tiba na Lugha ya Kuuelezea

Uamuzi wa daktari hutegemea maswali machache: je, kiini ki hai? Je, sehemu ya jino iliyobaki inatosha kushikilia kizibo? Je, mfupa bado umelishika jino? Je, mgonjwa ana uwezo wa kulipia na kurudi? Swali la mwisho si la kitabibu, lakini mara nyingi ndilo linaloshinda. Mfanyakazi wa kutwa anayepoteza ujira kila anapokwenda kliniki huchagua kung'oa hata pale jino linapoweza kuokolewa, na uchaguzi wake una mantiki katika mazingira yake. Kumlaumu kwa uzembe ni kulikwepa tatizo.

Hata hivyo, sehemu ya uamuzi huo hufanywa na maneno kabla ya fedha. Istilahi tatu zinahitaji uangalifu. Ya kwanza ni jino lililokufa. Mgonjwa akiambiwa hivyo huelewa kwamba hakuna kilichobaki isipokuwa kulitoa. Kumbe kilichokufa ni kiini. Nyuzinyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa zingali hai. Kauli kwamba kiini cha jino kimekufa ni ndefu kidogo, lakini huuacha mlango wa tiba wazi. Ya pili ni kuziba. Neno hili humfanya mgonjwa atarajie kwamba tundu lolote linaweza kufunikwa hapo hapo, naye hulalamika kwamba kuziba kunaharibu meno pale jino lenye kiini kilichooza linapozibwa na kuanza kuuma zaidi. Ya tatu ni mdudu. Anayeamini kwamba jino limeingiliwa na mdudu hutafuta kumtoa mdudu, wala haoni uhusiano wa jino lake na sukari. Hivyo hung'oa la kwanza, kisha la pili, ilhali chanzo kiko palepale.

Kwa msingi huo, ridhaa ya mgonjwa haikamiliki kwa kutia saini fomu. Hukamilika pale anapokuwa ameelezwa, kwa maneno anayoyaelewa, ugonjwa uko hatua gani, tiba zipi zinawezekana, na nini kitafuata kila moja ikichaguliwa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba tiba za jino lililooza hufuatana kama ngazi: floraidi na usafi kwa doa la mwanzo, kuziba kwa tundu lisilofika kwenye kiini, tiba ya mzizi kwa kiini kilichoambukizwa, na kung'oa kwa jino lisiloweza kuokolewa. Msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa unaeleza ngazi ya mwisho peke yake, na umezoeleka kwa sababu wagonjwa wengi hufika katika ngazi hiyo. Aidha, kung'oa huondoa jino moja. Ugonjwa ulioliozesha hubaki kinywani maadamu ukoga na sukari vipo. Njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono imethibitisha kwamba zahanati isiyo na umeme inaweza kuliwahi jino kabla ya hatua hiyo, ilimradi pawepo tabibu aliyefunzwa, saruji, na mgonjwa anayejua kwamba jino lisilouma nalo huchunguzwa. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inaafiki hoja hii, isipokuwa kwa jambo moja: ukuta uliobomoka unaweza kujengwa tena.